Chanzo cha umeme cha mashine ya spoti ya kubeba: mwongozo kamili wa kuchagua

Anayeunganisha seli za 18650 (betri ndogo za lithiamu zenye umbo la silinda) ili apate pakiti ya taa ya sola, pawabenki au baiskeli ya umeme hafiki mbali kabla ya kuhitaji mashine ya spoti, ile inayounganisha metali kwa pigo fupi la mkondo mkubwa wa umeme. Lehemu haifai hapa. Chuma cha kulehemu kinakaa sekunde kadhaa juu ya ncha ya seli, joto linapenya ndani, na utando mwembamba unaotenganisha chanya na hasi unaweza kuharibika bila dalili yoyote kwa nje. Spoti hufanya kazi hiyo hiyo kwa milisekunde chache: utepe wa nikeli unashika na seli inabaki na uvuguvugu tu.

Bodi ndogo za spoti siku hizi si adimu. Nyingi huja bila betri, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Mtu anachukua betri ya pikipiki au ile ya UPS iliyokuwa imelala stoo, anaunganisha, anakanyaga pedali, cheche inatoka, utepe unabanduka kwa kidole. Bodi inalaumiwa, na inarudishwa kwa muuzaji au kutupwa. Mara nyingi bodi ilikuwa nzima, ila betri haikuwa na uwezo wa kutoa mkondo uliohitajika.

Basi jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kwa kazi ya spoti betri huchaguliwa kwa ukinzani wake wa ndani, wala si kwa ukubwa wa ampia-saa (kipimo cha akiba ya umeme) zilizoandikwa ubavuni. Ni sawa na tangi na koki: tangi la lita 1,000 lenye koki nyembamba halitakujazia ndoo kwa sekunde moja. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo.

Mashine inataka nini hasa

Pini mbili za shaba hukandamizwa juu ya utepe, zikiwa zimeachana milimita 3 hadi 4. Mkondo unaingia kwa pini moja, unapita kwenye nikeli na kwenye bati la kopo la seli lililo chini yake, na unatoka kwa pini ya pili. Pale nikeli na kopo vinapogusana pana ukinzani, hivyo panapata joto hadi metali zinashikana.

Joto hilo ni zao la mkondo mara mkondo, mara ukinzani, mara muda. Mkondo umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo ukiuongeza maradufu joto linakuwa mara 4, na ukipungua nusu unabaki na robo. Wengi hudhani watafidia mkondo mdogo kwa kurefusha pigo. Haiwezekani kwa kiwango kikubwa, kwa sababu kadiri pigo linavyorefuka ndivyo joto linavyopata nafasi ya kukimbilia pembeni na kuzama ndani ya seli. Utaichemsha seli huku utepe haujashika.

Kwa makadirio ya kazi za nyumbani, utepe wa nikeli safi wa milimita 0.1 unaridhika na ampia 500 hadi 700. Wa milimita 0.15, ambao ndio wa kawaida kwenye pakiti, unataka ampia 800 hadi 1,200. Wa milimita 0.2 unataka zaidi ya 1,200. Muda wa pigo huwa kati ya milisekunde 5 na 15. Shaba tupu iache kwanza: inapitisha umeme mara 4 kuliko nikeli, kwa hiyo haipati joto kwa urahisi, na mashine ya kubeba haiiwezi.

Kuna mtego hapa. Tepe nyingi zinazouzwa kama nikeli ni chuma kilichopakwa nikeli juu. Chuma kina ukinzani mkubwa zaidi, hivyo hushika haraka hata kwa betri dhaifu, na mtu anafurahi akidhani betri yake inatosha. Siku akipata nikeli safi, mashine inamgomea. Kwa hiyo kabla hujahukumu betri, jua unapiga nini: kwangua kipande kwa tupa, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na asubuhi utazame. Kikiwa na kutu, ni chuma.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu ya njia nzima

Mkondo hauamuliwi na betri peke yake. Unapita ndani ya betri, kwenye kebo, kwenye mosfeti (swichi za kielektroniki) za bodi, kwenye kebo za pini, kwenye pini zenyewe na mahali pa kushikia, kisha unarudi. Kila kituo kina ukinzani wake. Ukinzani huo ni mdogo, unapimwa kwa miliomu, yaani sehemu ya elfu ya omu, lakini kwenye mikondo ya ampia elfu moja kila miliomu inaonekana.

Chukua betri nzima ya gari dogo yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 7. Kebo zake zote kwa pamoja ziwe sentimita 60 za shaba ya milimita za mraba 16, hiyo ni karibu miliomu 0.7. Bodi tuipe 1, pini na mahali pa kupigia 2.5. Jumla ni miliomu 11.2. Volti 12.6 ukigawa kwa omu 0.0112 unapata ampia 1,125 hivi. Kwa utepe wa milimita 0.15 uko vizuri kabisa.

Sasa ondoa betri ya gari, weka ile ya UPS ya volti 12 na ampia-saa 7. Betri hizi hata zikiwa mpya huwa na ukinzani wa miliomu 20 na ushei, tuseme 24. Jumla inakuwa 28.2 na mkondo unashuka hadi ampia 447. Kumbuka kanuni ya mara mbili: joto la betri ya kwanza ni zaidi ya mara 6 ya hili. Volti ni zile zile, bodi ile ile, pedali ile ile. Hakuna namna ya kurekebisha hilo kwa kuzungusha kitufe cha muda.

Na ampia-saa je? Pigo la ampia 1,000 kwa milisekunde 10 linakula ampia-sekunde 10, yaani ampia-saa 0.0028. Mapigo 1,000 hayafikishi ampia-saa 3. Pakiti ya seli 40, kila ncha ukiipa mapigo 3, ni mapigo 240 tu. Kwa hiyo betri kubwa haisaidii kwa sababu ina akiba nyingi. Inasaidia pale tu ukubwa wake umeshusha ukinzani.

Hatua ya pili: pima betri uliyonayo kabla ya kununua nyingine

Vipo vipima-ukinzani vidogo vinavyosoma miliomu moja kwa moja, na kama unafanya kazi ya betri mara kwa mara kimoja kitakulipa. Lakini kwa betri ya volti 12 unaweza kupata jibu la kutosha kwa mita ya kawaida na globu ya taa kubwa ya gari aina ya H4, ile yenye nyuzi mbili za wati 60 na 55. Nyuzi zote mbili zikiwaka pamoja zinavuta karibu ampia 9.

Chaji betri ijae, kisha washa globu kwa dakika moja ili kuondoa ile chaji ya juu juu inayodanganya mita. Zima, iache itulie dakika chache. Weka mita kwenye kiwango cha volti 20 na gusisha ncha zake kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye vibano vya waya, maana vibano vina ukinzani wao. Soma. Washa nyuzi zote mbili, hesabu moja, mbili, soma tena. Tofauti ya volti ukiigawa kwa ampia 9 unapata ukinzani.

Betri nzuri ya gari itashuka kwa volti 0.06 au 0.07 tu. Ikishuka 0.2, hiyo ni zaidi ya miliomu 20. Iache iendelee kuwasha taa nyumbani. Kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, na namba yake ya mwisho itachezacheza, lakini betri inayofaa na isiyofaa zimeachana mbali mno kiasi kwamba hutazichanganya. Nakisisitiza kwa sababu kinamwokoa mtu na gharama, hasa anayenunua betri iliyotumika kwa fundi umeme wa magari. Nenda na globu yako mfukoni.

Betri ya kuwashia gari

Kwa fundi wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura, hili ndilo chaguo ninaloliweka mbele, na sababu yangu kubwa ni upatikanaji. Ikifa leo, kesho unapata nyingine kwenye duka la vipuri la karibu, na kila mji una mtu wa kuichaji.

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kwa kazi inayofanana sana na yetu: kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi, hivyo uso unaogusana na tindikali ni mpana. Betri za sola ni kinyume chake. Sahani zake ni nene ili zivumilie kutumika hadi chini, na kwa ukubwa ule ule hutoa mkondo mdogo zaidi. Betri ya sola ya ampia-saa 100 inaweza kupiga spoti vizuri kwa sababu ya ukubwa wake tu, lakini ina uzito wa kilo 30 hivi, na hapo neno kubeba limekwisha maana.

Ubavuni tafuta herufi CCA. Hiyo ni idadi ya ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Kwetu hakuna baridi hiyo, na pigo letu ni la milisekunde, kwa hiyo betri itatoa zaidi ya namba iliyoandikwa. Kama kianzio, tafuta CCA ya 350 hadi 550. Kwa majina ya madukani, NS40 inatosha kwa utepe wa 0.1 na mara nyingi hata wa 0.15, na uzito wake wa kilo 10 hivi unabebeka. N50 au NS60 ndiyo ya kati na salama zaidi. N70 nzima, kwa kebo fupi na nene, inaweza kuipita bodi ndogo uwezo. Nitalirudia hilo mbele.

Betri iliyotumika inafaa kama imepita kipimo cha globu. Hitilafu yake ya kawaida ni salfeti: betri iliyokaa muda mrefu bila chaji sahani zake hujifunika ukoko mweupe, volti zinaonekana 12.5 lakini mkondo hautoki. Mita ya volti pekee haitakuonyesha hilo kamwe.

Ubaya wa betri hii ni uzito, tindikali ikiwa ni ya kujaza maji, na gesi. Wakati wa kuchajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Spoti inatoa cheche. Kwa hiyo usichaji huku ukipiga, na baada ya kuchaji ipeleke betri mahali penye hewa, subiri kidogo, ndipo uanze. Ipo sababu ya pili ya kutochaji ukipiga: chaja inapandisha volti hadi 14.4 au zaidi, na bodi haikupangiwa hivyo.

Lipo ya droni na magari ya kuchezea

Kama kazi yako ni ya kuzunguka, leo uko kwa mteja, kesho juu ya paa la mtu mwenye taa za sola, lipo (betri ya lithiamu-polima) haina mpinzani kwa wepesi. Lipo ya seli 3 mfululizo, ampia-saa 5, ina uzito wa gramu 400 hivi. Ikiwa bora, kila seli ina ukinzani wa miliomu 2 au pungufu, kwa hiyo jumla ni 6. Weka kiunganishi, kebo na bodi, utarudi kwenye ampia 1,100 zile zile za betri ya gari ya kilo nyingi.

Tatizo liko kwenye neno "ikiwa bora". Lebo za lipo hutaja namba ya C: 50C, 100C, 130C. Kwa kanuni, C ukizidisha kwa ampia-saa unapata ampia ambazo betri inaweza kutoa mfululizo. 100C kwa ampia-saa 5 ni ampia 500. Namba hizi zimetiwa chumvi mno sokoni, na lebo mbili zenye 100C zinaweza kuachana mbali kwa ukweli. Pima ukinzani. Chaja nyingi za kusawazisha, zile zinazojaza kila seli kwa kiwango sawa, zina ukurasa wa kuonyesha miliomu za kila seli. Ukinunua kwa mtu aliye karibu, mwombe akuonyeshe. Seli moja ikisoma 3 na nyingine 9, hiyo pakiti ina mgonjwa.

Usichukue ya ampia-saa 2.2 kwa sababu ni rahisi. Itapiga mapigo machache mazuri, itapata joto, kisha itavimba. Ampia-saa 5 ndicho kiwango changu cha chini.

Lipo haisamehi uzembe. Ikichajiwa kupita volti 4.2 kwa seli, ikitobolewa, au ikishushwa chini sana, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kwa kikombe cha maji. Ichaji kwa chaja ya kusawazisha, juu ya kigae au sakafu ya saruji, ukiwa hapo hapo. Ikivimba, imestaafu. Jambo jingine ni usafirishaji: betri za lithiamu hazipokelewi na kila mbeba mizigo kwa ndege, kwa hiyo kuiagiza kutoka nje kunaweza kuchukua muda mrefu. Unaposafiri nayo mwenyewe, kikomo cha kawaida cha ndege kwa betri ya akiba ni wati-saa 100, tena kwenye mkoba wa mkononi. Hii ya seli 3 na ampia-saa 5 ni wati-saa 55.5.

Superkapasita

Hizi, kapasita kubwa zinazohifadhi umeme na kuutoa kwa mkupuo, ndizo zinazonivutia kuliko zote kwa mtu anayepiga kila siku. Superkapasita moja ya volti 2.7 na faradi 3,000 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi umeme) ina ukinzani wa karibu miliomu 0.3. Mbili mfululizo ni faradi 1,500, miliomu 0.6. Zichaji hadi volti 5 tu, yaani 2.5 kwa kila moja, zitakaa miaka mingi. Njia nzima sasa ni 0.6, kebo 0.7, bodi 1, pini 2.5, jumla 4.8. Volti 5 kwa miliomu 4.8 ni ampia 1,040.

Kizuri zaidi ni utulivu. Pigo la milisekunde 10 linashusha volti kwa milivolti 7 tu, kwa hiyo pigo la kwanza na la hamsini yanafanana mno kama chaja inaendelea kujazia. Betri ya gari au lipo hushuka taratibu kazi ikiendelea, nawe unalazimika kurekebisha.

Lakini soma hapa kwa makini kabla hujanunua. Bodi nyingi za spoti zinachukua umeme wa kuongozea mosfeti kutoka kwenye betri ile ile kubwa, na zimepangiwa volti 12. Ukiziletea volti 5, milango ya mosfeti haifunguki sawasawa, ukinzani wake unapanda, na zinaungua kwa pigo moja. Superkapasita za volti 5 zinataka bodi yenye njia ya pili ya umeme wa kuongozea. Kama maelezo ya bodi hayasemi hivyo waziwazi, usijaribu.

Kuzichaji nako kuna utaratibu. Superkapasita tupu ni kama shoti kwa chaja, hivyo unahitaji kipunguza-volti chenye kikomo cha mkondo. Kwa ampia 5, kuzijaza kutoka sifuri kunachukua dakika 25. Hapa ile betri ya pikipiki iliyoshindwa kupiga inapata kazi: haina mkondo mkubwa, lakini kuijazia superkapasita polepole inaweza siku nzima. Weka pia kisawazishi kwa kila kapasita, maana mbili zilizo mfululizo hazijazi sawa na moja inaweza kupita 2.7.

Vingine utakavyoambiwa na watu

Transfoma ya maikrowevu inapiga vizuri ikiwa juu ya meza. Sehemu yake ya volti kubwa hutoa volti 2,000 hivi na imeua watu. Inahitaji soketi imara, na jenereta ndogo huilalamikia. Haihusiani na mashine ya kubeba.

Kapasita za redio za gari zilizoandikwa faradi 1 zikiwa kweli na faradi hiyo, kwa volti 15 zinabeba jouli 112. Pigo la utepe mwembamba linataka jouli 20 hadi 50. Zinaweza, ila nyingi hazifikii namba iliyo kwenye lebo, na pigo lake huanza na mkupuo mkali unaotoboa.

Seli za 18650 za laptopu zilizopangwa sambamba, acha. Ukinzani wake ni makumi ya miliomu kila moja, na kuziunganisha unahitaji mashine ambayo ndiyo kwanza unaitafuta. Seli za lithiamu-titaneti ni nzuri sana ukizipata kwa uhakika: ukinzani mdogo, zinavumilia mikondo mikubwa, hazina hasira ya lipo. Kila moja ni volti 2.3 hivi, kwa hiyo 5 mfululizo zinakaribia bodi ya volti 12.

Vile vishikio vya mkononi vyenye betri ndani vinapiga utepe wa 0.1. Vikidai 0.2, omba uonyeshwe kwa nikeli safi.

Hatua ya tatu: kebo na viungo

Ukishapata chanzo kizuri, usikinyonge kwa waya. Ile hesabu ya betri ya gari, ukitoa sentimita 60 za milimita 16 na kuweka mita 1 ya waya wa milimita 4, njia inakuwa miliomu 14.9 na mkondo ampia 846. Umetupa zaidi ya asilimia 40 ya joto kwenye waya.

Tumia kebo laini ya shaba, milimita za mraba 16 kwa kawaida, 25 kama unapiga 0.2. Kebo ya mashine ya kuchomelea inafaa sana kwa sababu inapinda. Jihadhari na za kuazimia chaji ya gari: nyingi ni nene kwa plastiki, ndani kuna nyuzi chache za alumini iliyopakwa shaba. Kata mwisho mmoja na ukwangue uone rangi ya ndani.

Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo lake, visikunjwe kwa nyundo. Vichwa vya betri vipige msasa hadi ving'ae. Vibano vya meno, vile vya mamba, havifai. Tumia vya kukaza kwa nati. Kwa lipo, kiunganishi cha XT90 ni afadhali kuliko XT60.

Hatua ya nne: usiipite bodi uwezo

Upande huu husahaulika. Bodi ina kikomo cha mkondo na cha volti. Mosfeti zinapokata ampia elfu moja ghafla, kebo nazo hurusha volti ya ziada kwa kufumba na kufumbua. Kadiri kebo ilivyo ndefu na yenye mizunguko ndivyo mrusho unavyokuwa mkubwa. Laza kebo ya chanya na ya hasi zikigusana, zisifanye kitanzi.

Kama muuzaji wa bodi ameandika betri ya ampia-saa 40 hadi 60, ana maana: hataki mkondo uzidi. Ukiwa na N70 yenye miliomu 4 na kebo fupi, urefushe kebo kidogo kwa makusudi, ila chanya na hasi zibaki zimelazwa pamoja. Sentimita 50 za ziada za milimita 10 zinaongeza karibu miliomu 0.9, na hesabu utaifanya mwenyewe.

Mosfeti ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeacha njia wazi, yaani mkondo haukatiki hata ukiacha pedali. Ndiyo maana kila siku kabla ya kugusa seli unganisha globu ndogo ya dashibodi ya volti 12 kati ya pini mbili. Isiwake. Bodi inayojipiga yenyewe pini zikigusa, bila pedali, inaweza kuimulika mara moja na kuzima, hilo ni sawa. Ikibaki inawaka, bodi imeharibika. Ukiiweka juu ya seli utamwaga nguvu zote za betri ndani yake. Na kiunganishi cha betri kikae mahali ambapo mkono wako unafika bila kuruka meza.

Hatua ya tano: mapigo ya kwanza

Vua pete na saa. Vaa miwani. Seli za mapigo ya kwanza ziwe zilizokufa na zilizoshushwa chaji, si zile za pakiti.

Hakikisha kila seli ina karatasi yake ya duara kwenye ncha ya chanya. Ukingo unaozunguka chanya ni kopo la hasi. Utepe ukigusa hapo pini zikikandamiza, umepiga shoti.

Anza na milisekunde 3. Kandamiza pini zote mbili kwa nguvu sawa. Pini iliyoguswa kwa wepesi hurusha cheche na kutoboa. Panda milisekunde 1 kila mara. Baada ya kila kipimo, ng'oa utepe kwa koleo. Ukibanduka safi, bado. Ukichanika na kuacha vipande viwili vya nikeli vimeganda kwenye kopo na matundu kwenye utepe, umefika. Alama iwe na rangi ya kahawia hafifu pembeni. Ikiwa nyeusi na imezama, umezidisha. Ukisikia harufu tamu ya kemikali, kopo limetoboka: itoe seli nje mara moja, usiitumie.

Kama umefika milisekunde 20 na utepe bado unabanduka, acha kuongeza muda. Rudi kwenye hesabu. Gusisha mita kwenye vichwa vya betri na kwenye mwanzo wa bodi, ukiwa na mzigo wa globu ya H4, uone volti zinapotelea wapi.

Betri za risasi zirudishe kwenye chaja zikifika volti 12.4 zikiwa zimetulia, usingoje 12. Kwa lipo, simamia volti 3.6 kwa seli, na kazi ikiisha iache kwenye 3.8, si ikiwa imejaa. Ukibadili chanzo, hata kama ni betri ya jina lile lile, milisekunde ulizozoea hazitumiki tena. Anza upya na 3 kwenye seli iliyokufa.